Sikio la Baba

Garsen, Alhamisi

Kwa dada yangu Kaltuma,

Assalamu aleikum. Naomba barua hii ikukute Malindi na afya, wewe na wanao. Sisi tu wazima, na Baba anakula vizuri. Naandika kwa sababu kwa simu ningekushinda kwa maneno, na safari hii sitaki kushinda.

Unakumbuka tulivyofurahi Baba alipopata mashine za kusikia. Joy, mtaalamu aliye Mombasa, huzirekebisha kupitia simu yangu: namwandikia Baba anavyosikia, anatuma marekebisho, nami nabonyeza kukubali. Nilimsifu kila mahali, mimi nisiyesifu mtu.

Wiki ya kwanza Baba alisikia hata ng'ombe wakicheua. Sokoni akakutana na Kahindi, yule aliyelima kwenye malka, njia yetu ya ng'ombe kwenda mtoni. Wakaongea, wakacheka. Tukirudi, Baba akaniuliza, "Dukicha, huyu mtu ana maneno laini. Yale makali uliyokuwa ukiniletea aliyasema lini?"

Miaka miwili nimekuwa sikio lake vikaoni, nikimrudia kwa Kiorma yaliyosemwa. Malka ni haki yetu. Nimeipigania kwa kalamu na kwa mdomo, na silifuti hilo. Lakini niliona Baba ni mpole mno, ataigawa kwa kikombe cha chai, basi maneno ya Kahindi nikayatia ukali kabla ya kumfikishia.

Jumanne tulikaa kikao. Kahindi alisema atafungua malka, mradi ng'ombe wapite asubuhi tu. Nikamwambia Baba sikioni, "Anasema tukanyweshe kwingine." Baba akainuka, hakumpa mkono. Wazee wetu wakadhani amekataa, wakamfuata. Sasa ng'ombe wanazunguka nusu siku kufikia maji, na vijana wameapa kupita kwa nguvu Jumatatu. Nimewaona wakinoa mapanga.

Utauliza mashine zilikuwa wapi. Zilikuwa masikioni mwake. Siku tatu kabla ya kikao nilimwandikia Joy kwamba sauti zinamuumiza Baba kichwa. Akazipunguza, nikabonyeza. Baba hakuwahi kulalamika kuumwa kichwa, dada. Anadhani masikio yake yamekufa, na jana alimshukuru Mungu kwamba bado ananiona mimi pembeni yake.

Nimemwambia Joy ukweli. Amenikaripia, kisha akatuma marekebisho ya awali. Yamo simuni, sijayakubali. Barua hii inakuja na basi la kesho. Nawe njoo Jumapili mapema. Nitabonyeza ukiwa umekaa nasi, na sauti ya kwanza atakayoisikia Baba iwe yangu, ikimwambia alichosema Kahindi.

Mwanangu Huka anakusalimu, na ndama uliyempa jina bado anasimama, hata kwa mzunguko huu wa maji. Wabusu watoto.

Nduguyo,
Dukicha