Julai ni ya Dafroza

Jumatano, 10 Julai 2024. Kasulu

Nimemaliza sare tatu za kwaya. Kola ya hiyo ya tatu imekaa vibaya, nitaifumua kesho. Baba Yusta yuko barazani tangu alasiri, anafuta darubini yake kwa kipande changu cha bitana. Nimemwita chakula kutoka jikoni. Kimya. Nimemwita tena. Mgongo tu. Nimekula peke yangu.

Ndivyo alivyo siku hizi. Mashine ya kusaga inammaliza mchana kutwa, akirudi hana neno na mtu. Isipokuwa Julai. Julai ikikaribia anakuwa kijana. Ananyoa ndevu, anapiga kiwi viatu ambavyo vinakwenda kuchafuka matope. Kila mwaka anakwenda huko mtoni kuangalia ndege kwa boti, na anayemwongoza ni mwanamke.

Dafroza. Jina nimelisoma kwenye simu yake. Wanaandikiana meseji. Mimi nikimpigia kutoka sokoni hapokei, Dafroza anajibiwa kabla mwanga wa simu haujazimika. Nilisoma moja: "Maji yamepungua, korongo yupo, njoo." Njoo. Kama anamwita mtu wake.

Mwaka huu tunakwenda wote. Nimesimama mbele yake nikamwambia usoni, asije akajifanya hakunielewa. Ameshtuka. Halafu amesema sawa. Sikupenda alivyoshtuka.

Ijumaa, 12 Julai. Kibondo

Vumbi hadi kwenye meno. Makere tulikaa sana, vitambulisho vinakaguliwa mmoja mmoja. Nilikuwa kiti cha dirishani, yeye kushoto kwangu. Nimeongea habari za harusi ya Yusta kutoka Makere mpaka tunavuka daraja la Malagarasi. Nguo, ukumbi, mashangazi watakaogombana. Alikuwa anatikisa kichwa.

Tumefika gesti, ameweka begi chini, ameniuliza: "Hivi Yusta amesema harusi mwezi gani?"

Nimelala nimegeukia ukutani. Na mimi nina mgongo.

Jumamosi, 13 Julai. Kambini, mtoni

Gari lilituacha hapa saa nne asubuhi. Mahema matano, jiko la nyasi, na mbele yetu mafunjo mpaka macho yanachoka. Hakuna ng'ambo. Maji yamejificha ndani ya mafunjo na njia za boti zinapita katikati kama vichochoro.

Nimemwona. Ana kama miaka thelathini na tano. Buti za mpira, kitenge cha Kongo, kile chenyewe si cha kuiga. Kiuno inchi ishirini na nane, nimempima kwa macho, na macho yangu hayakosei. Mabega ya kusukuma boti. Si mzuri sana. Ni mzuri kiasi cha kutosha.

Alipomwona Baba Yusta hakutoa mkono. Alikunja magoti kidogo akampigia makofi ya salamu, yale ya bibi zetu, mwakeye, mwakeye, makofi taratibu, na yeye akamjibu kwa makofi. Wakapigiana hivyo mpaka nikaona aibu mimi. Kasulu mjini nani bado anasalimia hivyo? Mimi nilipewa mkono na "karibu mama."

Wageni wengine ni wawili tu, kijana na mkewe kutoka Kibondo, wameoana juzijuzi. Wanalishana karanga.

Wakati wa chakula Dafroza akaniambia, "Mama, kaa huku kushoto kwake." Nikakaa kulia. Siwezi kupangiwa pa kukaa na mume wangu.

Jumapili, 14 Julai

Tumeingia majini kabla ya jua. Boti ni ya mbao, nyembamba, kila mtu na ubao wake. Dafroza mbele amesimama na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Nyuma yake Baba Yusta. Kisha maharusi. Mimi nikawekwa mwisho kabisa, karibu na Meshaki, kaka yake Dafroza, anayesukuma kwa nyuma. Ati uzito ukae sawa. Nimeelewa. Mimi ndiye uzito.

Ndege wapo, siwezi kusema uongo. Mnandi wamekaa na mabawa wazi kama nguo zilizoanikwa. Mmoja ana miguu mirefu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi na hazami. Ningekuwa na moyo mwepesi ningefurahi.

Lakini nilikuwa ninawatazama wale wawili. Hawaongei. Dafroza akiona ndege anagonga sakafu ya boti kwa pondo. Mara moja, Baba Yusta anageuza darubini kulia. Mara mbili, kushoto. Mara tatu ni kukaa chini. Mara nyingine hata hagongi, anainua kidole kimoja nyuma ya mgongo wake na mume wangu anaelewa. Nimekaa naye miaka ishirini na sita, nikitaka anipe chumvi lazima niite hadi majirani wasikie.

Kijana wa Kibondo aliuliza kwa nini wanagonga. Dafroza akasema walifundishwa na mgeni kuelekeza ndege kwa uso wa saa. Kwa yule mgeni saa tatu ni kulia. Kwetu saa tatu mshale uko kushoto. Siku ya kwanza nusu ya boti ikatazama huku, nusu kule, ndege akaondoka zake. Tangu hapo wanagonga. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu hafundishwi kuinua kidole namna ile na mgeni yeyote.

Jumatatu, 15 Julai

Korongo hatukumpata. Ndiye tunayemtafuta, korongo nyangumi, mkubwa, kijivu, mdomo kama kiatu cha askari. Baba Yusta humwona kila mwaka. Mwaka huu maji yamemhamisha.

Jioni tulibaki wawili motoni, maharusi wamekwenda kuvua nguo mbichi. Nilikaa kulia kwake, pale pale pangu. Nikajikaza. Nikauliza polepole, nikitazama moto maana usoni nisingeweza: "Unampenda huyu mwanamke?"

Akasema, "Kesho tutatoka mapema zaidi."

Hivyo tu. Bila hata kukunja uso. Sijui mtu anapata wapi roho ngumu hivyo. Nilitaka kulia nikasema ni moshi, na hata hilo hakulijibu.

Jumanne, 16 Julai

Niandike tu.

Asubuhi kabla ya boti nilimfuata Dafroza akiwa anaosha sufuria. Nikamwambia ile kugongagonga kwake inaniumiza kichwa. Mimi ni mteja pia, nimelipiwa kama wengine. Kama ana la kusema aseme kwa mdomo kama watu. Alinitazama kidogo. Akataka kusema kitu. Nikasema, "Tumeelewana?" Akasema, "Haya mama."

Nilipanda boti nimeshiba. Huo ndio ukweli, nilijisikia nimeshiba.

Na kweli hakugonga. Akawa anataja kwa mdomo, kulia, kushoto, na Baba Yusta anachelewa kila mara, ndege wanaruka kabla hajainua darubini. Nikafikiri amenuna kwa sababu yangu. Nikafurahi tena.

Tukaingia njia nyembamba. Korongo akaonekana, mbali, kushoto, amesimama kwenye mafunjo yaliyolala. Baba Yusta alisimama wima kumtazama. Hairuhusiwi kusimama lakini mahali pale maji ni matulivu, Dafroza akamwachia.

Kiboko akatokea kulia. Kichwa tu, masikio yanachezacheza, kisha pua, karibu kabisa na ubao wa boti. Dafroza akasema, "Kaa chini." Maharusi wakajikunyata. Meshaki akasema, "Mzee, kaa." Akabaki amesimama. Dafroza akapaza sauti. Amesimama. Mimi nikaita jina lake, jina lenyewe la ubatizo ambalo huwa siliiti, nikaita kwa koo lote. Alikuwa anatabasamu kwenye darubini. Mgongo ule ule. Ule wa barazani, wa chakula kinachopoa.

Hapo ndipo nilipojua. Si kwamba hajibu. Hasikii.

Dafroza alinitazama mimi, si kiboko, kama anaomba ruhusa. Halafu akagonga. Mara tatu. Baba Yusta akaketi chini kama mtu aliyekatwa miguu, na wakati huohuo yule mnyama akazama akapita chini yetu. Boti ikanyanyuka upande, ikarudi. Maji yakaingia hadi kwenye vifundo. Thermos yetu ya chai ikaenda.

Hakuna aliyeumia. Tulirudi kambini. Kama angekuwa bado amesimama angekuwa ndani ya maji, na ni mimi niliyekataza kugonga.

Jumatano, 17 Julai

Nilimfuata Dafroza tena penye sufuria. Sikujua nianze wapi. Akaanza yeye: "Mama, mie nilidhani unajua. Mke si ndo anajuaga wa kwanza?"

Akaniambia sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia kwa kubahatisha; kugonga anakuhisi kwa nyayo. Ndiyo maana alinipa upande wa kushoto. Akaniomba radhi, yeye. Hilo liliniudhi zaidi. Nikamwambia asante kwa jana, likatoka kama nimemeza mfupa.

Halafu mume wangu. Nilimketisha kwenye jiwe, nikakaa kushoto, nikamwuliza mdomo wangu ukiwa anauona. Akasema ni mashine. Miaka yote ile ya kusaga. Sauti nyembamba ziliondoka kwanza. Alijulia hapa hapa mtoni, mwaka juzi: ndege mdogo juu ya funjo mbele yake, mdomo unafunguka, koo linacheza, na yeye hasikii kitu. Akadhani ndege ndiye mgonjwa. Akamwuliza Dafroza kama anaimba. Dafroza akasema anaimba sana.

Akalia ndani ya boti. Yeye mwenyewe ameniambia.

Tangu hapo anamtafuta korongo nyangumi kuliko wengine wote, kwa sababu yule haimbi. Anasimama tu. "Kwake sikosi kitu," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona haya. Na kwamba ningemkataza mto, na ningemfungia mashine. Ningefanya yote mawili, ananijua.

Sina hasira naye. Lakini na hili niliandike kwa kuwa hapa hasomi mtu: wivu haujaisha. Umehama tu. Mwanzoni nilikuwa nawaza mambo ya kitandani, ya kijinga, na nilijua dawa yake. Hili halina dawa. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku tunamzika mama yake. Dafroza amemwona. Alikuwa karibu tu, basi, ningekuwa mimi pale ingekuwa mimi. Najua. Bado ninamwonea wivu.

Ijumaa, 19 Julai

Njiani kurudi. Tulipoagana Dafroza alimpigia makofi yake, mwisho akanigeukia na mimi akanipigia. Nikakunja magoti, nikajibu. Viganja havijasahau. Nimempa kipande cha kitenge nilichokuja nacho, ajishonee gauni. Ningeweza kumshonea mwenyewe, vipimo ninavyo. Nimeona nisizidishe.

Kwenye basi nimemwachia yeye dirisha la kulia. Nimekaa kushoto. Habari za harusi nimezianza upya, tangu nguo. Safari hii amebisha kuhusu ukumbi. Tumegombana vizuri hadi Makere.

Jumapili, 21 Julai. Kasulu

Kanisani kwaya wamevaa sare zangu. Ile kola niliifumua nikairudia, hakuna aliyeona.

Amekubali twende hospitali Alhamisi. Hajakubali kuacha mashine. Tutaona.

Mchana nilikuwa ninaandaa chai, yeye amesimama mezani, mkono mmoja juu ya meza, anatazama dirishani. Shomoro, au sijui ndege gani. Alikuwa anajiandaa kutoka. Zamani ningeita kutoka jikoni, nikaita tena, nikanuna.

Nikaja hadi mezani na birika. Nikagonga ubao kwa vidole, mara tatu.

Akaketi papo hapo, kabla hajajua kwa nini. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakukuwa na kiboko. Nilikuwa mimi tu, upande wake wa kushoto, nimeshika vikombe viwili.

Tumekunywa chai ikiwa ya moto.