Lijamu la Babu

Tacuarembó, 9 Machi

Kwa mpendwa kaka yangu Ceferino,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Amalia na watoto, na kwamba kile kifua cha baridi kimepoa. Sisi hatujambo, ila Baba anasumbuliwa na goti, na mimi nimejaa hasira mpaka usingizi umenikimbia.

Hasira yenyewe ni ya farasi. Nélida, binti wa dada Ofelia, atapanda kwenye gwaride la farasi Jumapili, na hamtaki mwingine ila Lunareja, yule jike wa madoa unayemjua. Mtoto ana mguu mmoja mfupi. Nikamshauri Baba tutafute tandiko jembamba na kikuku kimoja cha kukanyagia kipandishwe. Akanijibu kwamba amefunza farasi miaka hamsini kwa tandiko moja na lijamu moja la chuma cha kutiwa mdomoni, lile la babu. Farasi ni farasi, mdomo ni mdomo. Nikamuuliza kama na viatu vyake vitamtosha Nélida. Akaniambia nikafunze kuku.

Basi tukafuata yake. Lunareja alipoonja kile chuma alirusha kichwa, akasimama kwa miguu ya nyuma, na Nélida akaketi kwenye matope. Baba akatangaza kwamba jike limeharibika, Ijumaa lori la machinjioni lije kulichukua. Mtoto akagoma kula.

Mimi nikamfungua Lunareja mdomo. Kwenye fizi, chini ya ulimi, kuna kovu refu. Nikatupa lijamu pembeni, nikamfunga kamba laini ya sufu puani tu, nikapandisha kikuku cha kushoto vidole vitatu. Nélida alizunguka zizi zima akiimba, na jike limetulia kabisa. Baba alitazama, akaingia ndani.

Kaka, kovu lile nalijua. Siku Lunareja alipokubwaga mbele ya watu, wote walisema una mkono mzito, umemchana mdomo. Baba akaapa hutashika hatamu tena hapa, nawe ukapanda basi kwenda kukata nyama kiwandani. Haukuwa mkono wako. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemfunga lijamu la ngozi la mafunzo, lile linalopita chini ya ulimi. Nilikuwa na haraka. Ngozi ilikuwa bado imelowa, nikaikaza vilevile na kumwacha juani. Ilipokauka ilijibana, ikamkata. Niliiona damu kabla hujapanda, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na mmoja.

Jana nilimwambia Baba. Akamaliza chai yake ya yerba taratibu, kisha akasema alijua tangu siku ile ile. Yeye ndiye aliyelifungua fundo la lijamu, na nyumbani kwetu anayefunga kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Nikamuuliza kwa nini basi alikufukuza wewe. Akasema wewe ungeweza kuishi popote, mimi ningepotea.

Nilitaka anipige. Badala yake alinijazia kibuyu cha yerba, tukanywa. Nina hasira naye, nina hasira na nafsi yangu, na hakuna hata moja inayokurudishia miaka yako.

Lori Baba amelikataa. Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Njoo au usije, Kaka, ila nakuomba usinisamehe haraka.

Ni mimi, mdogo wako,
Evaristo