Jina Chini ya Ujumbe

Jumamosi, 18 Januari

Darasa la Kiswahili la watoto, kama kawaida. Ukumbi wa kanisa, mtaa wa Parkdale. Baridi mpaka karibu tunamaliza. Nawasalimia watoto kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza. Isipokuwa Exaucé. Yeye na mama yake ni Wakongo wa Bukavu, wanakuja kwa basi kutoka Rexdale, pembezoni mwa mji. Ndiye pekee anayeniuliza maswali kwa Kiswahili. Wenzake wameanza kumwiga. Leo mjukuu wa Mwenyekiti wa umoja wetu kasema "njo vile", yaani ndivyo hivyo, kama Mkongo kamili. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka.

Jioni, sura ya tatu ya tasnifu yangu ya historia. Kampuni ya biashara ya Waingereza imejikuta inatawala India. Bunge linaiwekea bodi ya kuisimamia. Wakurugenzi wa Kampuni wanaandika barua za kwenda India, Bodi inazikata na kuingiza maneno yake, wakurugenzi wanatia saini kana kwamba ni yao. Nimemaliza hivi: "Hawakuwa na namna." Nimeipenda.

Jumatatu, 20 Januari

Msimamizi wangu wa tasnifu kaizungushia duara hiyo sentensi. Anauliza nani kati yao alijaribu kutotia saini. Nikamjibu sheria iliwabana. Akasema sheria ameiona, anauliza habari za watu.

Nimerudi na hasira njia nzima. Anataka mashujaa. Mimi naandika kuhusu taasisi.

Jumatano, 22 Januari

Simu kutoka kwa Mzee Lyimo, Mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania. Umoja ndio unaolipia ukumbi. Kamati imekaa. Kuanzia sasa darasa ni la watoto wa wanachama tu.

"Mjukuu wangu kaniambia 'njo vile' mezani, mbele ya wageni," alisema. "Sasa binti yangu, sisi tunalipia Kiswahili cha nani?" Akacheka sana.

Wasio wanachama ni familia moja. Anajua. Najua.

Ujumbe kwa wazazi utoke kwangu, kwa jina langu, maana mimi ndiye wanayemsikiliza. Kamati imeshauandika. Unaanza "Kwa heshima na taadhima". Nikauliza, nisipoutuma?

"Basi ukumbi tunauachia, watoto wote wakae nyumbani. Amua wewe, mwalimu."

Sitaki darasa life. Nimelilea tangu lilipokuwa na watoto wanne na ubao wa kukunja. Sina kitu kingine katika mji huu nilichokianzisha mwenyewe.

Alhamisi, 23 Januari

Asubuhi nimewapelekea kamati pingamizi. Kurasa mbili. Historia ya lugha, haki ya mtoto, aibu ya mgeni kumfukuza mgeni mwenzake. Niliisoma kwa sauti jikoni na nikajisikia mtu.

Jibu la Mzee Lyimo: "Umeandika vizuri sana mwanangu, usomi unaonekana. Sasa tuma ule wa kamati." Na dole gumba.

Nikatuma kwenye kundi la wazazi. Jina langu chini.

Wakurugenzi nao walifanya hivyo hivyo. Walipinga kwa maandishi, kisha wakatia saini. Pingamizi zao ndizo zilizonivuta kwenye mada hii. Zimeandikwa vizuri.

Mama Exaucé kajibu mbele ya kundi zima: "Aksanti mwalimu kwa kutujulisha." Basi. Bora angenitukana.

Jumamosi, 25 Januari

Darasa. Majina ya wanyama. Hakuna aliyeuliza chochote kwa Kiswahili.

Mjukuu wa Mzee Lyimo akauliza, kwa Kiingereza, Exaucé yuko wapi. Nikasema hatakuja tena. Akauliza nani kasema. Wote wakanitazama.

Nikawaambia wafungue madaftari.

Naona aibu. Naiandika ilivyo, bila kuipamba.

Jumapili, 26 Januari

Basi kutoka stesheni ya Kipling hadi Rexdale. Theluji chafu kando ya barabara. Lifti ya jengo lao ni mbovu, nimepanda ngazi nikirudia maneno yangu.

Mama Exaucé alikuwa anajiandaa kwenda zamu, bohari moja karibu na uwanja wa ndege. Kanipa chai hata hivyo. Nikamweleza yote: kamati, ukumbi, pingamizi yangu. Nilieleza kwa mpangilio. Alisikiliza huku anafunga kamba za buti.

"Nilijua haiko weye uliandika," akasema. "Weye hausemake vile. Ile maneno iko ya wazee."

Nikapumua.

"Lakini jina iko ya kwako, mwalimu."

Bila hasira. Kama mtu anayenikumbusha kwamba nimesahau glavu.

Exaucé alikuwa kwenye kochi, mbele ya televisheni. Nikamwambia hujambo. Akanijibu kwa Kiingereza.

Ndani ya basi nimeandika kwenye kundi la wazazi: "Ujumbe wa Alhamisi uliandikwa na kamati. Niliutuma mimi kwa jina langu, nikijua. Sasa naliondoa jina langu, na sitafundisha darasa ambalo Exaucé amefukuzwa. Mama Exaucé, samahani." Nikatuma kabla hatujafika stesheni.

Mzee Lyimo, papo hapo: "Binti, umetuvua nguo." Baadaye kidogo: "Ufunguo wa ukumbi ulete."

Jumamosi, 1 Februari

Hakuna darasa.

Ufunguo nimeurudisha juzi. Aliupokea mke wa Mzee Lyimo, mlangoni. Kanifungia maandazi kwenye karatasi, kanipa, kafunga mlango taratibu.

Wazazi watatu wameniandikia pembeni kwamba nimefanya vyema. Mmoja kaomba nisimtaje. Mama Exaucé ameusoma ujumbe, naona alama za bluu. Hana deni la kunijibu.

Asubuhi yote nimekaa na sura ya tatu. Nje wanaparua theluji, sepetu inakwaruza lami. Maandazi yameisha.

Nimefuta "Hawakuwa na namna." Nimeweka "Walitia saini", kisha majina yao, mmoja baada ya mwingine, kama yalivyo kwenye barua.