Ukurasa Wenye Jina Langu

Rumonge, Jumanne, Juni 1972

Ile kazi ya shule ya filozofia nilikuwa nimeshaimaliza. Swali lilikuwa: je, kuna wakati uongo unakuwa wajibu? Niliandika kurasa nne kwamba hakuna. Mwalimu alichukuliwa kwa lori, na askari wanaosaka waliosoma, kabla hajazikusanya.

Tangu waanze kuchukua na wanafunzi, mama amechana kaye zangu zote za shule, ukurasa kwa ukurasa, anafungia ndagala anazouza sokoni. Anasema kaye inayonuka samaki si kaye tena. Iliniudhi, maana kurasa zile zilinichukua wiki nzima. Ninaona haya kuandika hivyo.

Leo nilikuwa na mama sokoni, askari akaja kununua ndagala. Alitazama karatasi, akauliza mwandiko ni wa nani.

"Sijui, shefu. Makaratasi ninanunua hapa sokoni," mama alisema.

"Na huyu mutoto wako, anajua kusoma?"

"Huyu? Hata jina lake hajui kuandika."

Askari akanipa ukurasa. "Soma."

Nikaushika kichwa chini kama asiyejua, nikautazama. Ulikuwa ule wa tatu, pale nilipoandika kwamba mtu mwema husema kweli hata ikimgharimu maisha.

"Sijui, shefu."

Akacheka, akabeba samaki wake, akaenda.

Nilidhani nitaogopa. Sikusikia kitu, na hata sasa sisikii. Nilirudi nyumbani, nikala, nikaosha sahani.

Halafu nikamuuliza mama ule ukurasa wa kwanza, wenye jina langu, alimfungia nani ndagala.

Hakumbuki.