Mzee Aliyerushwa Angani na Safari ya Baba

Nambambo,
Nachingwea.
13 Desemba 1998

Mpendwa kaka Maximilian,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri huko Bukoba, na kile kifua chako kimepoa. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi nimechoka, kaka. Shule imefungwa lakini sijapumzika hata siku moja.

Ulishapata habari kwamba shangazi Teodosia, dada yake baba, alifariki Oktoba kule ng'ambo ya Ruvuma. Alimwacha mjukuu wake Eva, yatima wa miaka saba, na wenyeji wakatuma ujumbe twende tukamchukue. Gari la parokia lilikuwa linakwenda Newala, lakini lilibakiwa na nafasi moja tu.

Mimi niliona aende mdogo wetu Eliudi, ana nguvu. Ila wiki ile redio ilikuwa ikitangaza habari za mzee wa Kimarekani wa miaka sabini na saba aliyerushwa angani. Umri wa baba kabisa! Hakuna aliyeweza tena kumwambia kitu.

"Mwenzangu kapelekwa juu huko," alisema, "mimi nishindwe kuvuka mto?"

Jirani yetu, mwalimu Protasi, alimjibu kwamba yule alipelekwa kwa heshima tu, shujaa wao wa zamani, nchi ipate kumshangilia. Baba akakataa. Alikuwa amesikia kwamba madaktari walitaka kuuchunguza mwili wa mzee kule juu, kwa hiyo alikuwa na kazi yake. "Yule si pambo," alisema. Walibishana siku tatu, huku tunaanika korosho.

Mwishowe Eliudi akaniachia mimi niamue. Nikamwona baba ameshapiga pasi shati lake la kanisani. Nikasema aende. Sikuwaza kazi, kaka, niliwaza uso wake.

Kule walimpokea vizuri sana. Wazee walimtambua kwa chale zake za usoni, wakamkabidhi Eva bila maneno mengi. Walimwambia wazi kwamba kijana wasiyemjua wasingempa mtoto. Lakini kutoka pale hadi mtoni ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na Eva alikuwa na homa. Baba alimbeba mgongoni mpaka kijiji cha pili, akaanguka. Watu wa pale wakampeleka mtoto kwa masista wa zahanati, na baba wakamvusha kwa mtumbwi.

Alirudi peke yake, miguu imevimba haiingii viatu. Hakutusalimu. Alisema tu, "Nimemwacha mtoto njiani."

Eliudi aliondoka kesho yake kwa baiskeli, na barua yenye alama ya dole gumba la baba, maana masista walisema watamtoa mtoto kwa idhini yake tu. Mvua zikamkuta huko, mto ukajaa, akakwama siku tano. Alhamisi ndiyo wamefika. Eva amekonda, Kiswahili bado, anaongea Kimakonde kitupu, ila anakula vizuri na anamfuata mama kila aendako.

Eliudi hajasema neno la kujisifu. Mwalimu Protasi naye alikuja kutoa pole, akakaa kidogo, akaondoka. Afadhali angebisha kama zamani.

Baba hatoki nje. Jana nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya chumvi, akaniuliza, "Letisia, mlinituma kwa kazi, au kuniridhisha tu?"

Nikaendelea kukanda. Ningesema kwa kazi, ningekuwa namdanganya. Kazi yake ilikuwepo kweli, ila mimi sikuijua nilipomtuma. Hilo nilishindwa kumwambia, na alikwisha kuusoma uso wangu.

Mwandikie wewe, kaka. Wewe ndiye mkubwa, neno lako analiamini. Mwambie kwamba Eva asingetoka kule bila yeye. Lakini usimwambie kwamba nimekuomba.

Wifi Happy msalimie sana, na Benedikto mwambie shangazi yake amefurahi kusikia amefaulu. Mama na Eliudi wanawasalimu. Mungu awakinge na radi za ziwa, nasi atupe nguvu ya jembe msimu huu.

Mdogo wako akupendaye hata akichelewa kuandika,
Letisia