Oili ya Pampu Si Mafuta ya Mbuzi

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, nakusalimu. Hapa Lodwar tuko salama. Mguu wangu umepata nafuu, na mama yako amerudi Lokori kwa mbuzi wake.

Unasema pampu yako ya shamba huko Kakuma ilitoa moshi, ukaipunguzia oili kwenye petroli, na sasa inalia vizuri kuliko zamani. Hapo ndipo niliposhtuka.

Tulipokuwa vijana, babu yako alinunua pampu kama hiyo, ya kuchanganya oili na petroli, tumwagilie mtama kando ya mto Turkwel. Kwetu mafuta ya mbuzi ni baraka: bibi harusi hupakwa, mtoto aliyedhoofu hunyweshwa. Basi akaishibisha pampu oili. Ikafuka moshi, plagi ikajaa masizi, maji yakatoka kama ya birika.

Akaudhika, akaibania oili. Moshi ukaisha, pampu ikaimba, akaniita nije nisikie. Tulikuwa bado tunaisifu ilipokwama ghafla. Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa imechubuka na kushikana na silinda kwa joto. Mtama ulikauka ukiwa na maua.

Oili ikizidi, pampu hulalamika mapema kwa moshi. Ikipungua, hainung'uniki mpaka siku ya kufa.

Pampu tuliyonunua baadaye ilitaka oili ya kujaza glasi moja ya chai kwa jerikeni ya petroli ya lita tano. Kipimo cha yako kimeandikwa kwenye tangi, usimuulize jirani.

Na kama inaimba sasa hivi unaposoma, weka barua hii chini, kaizime.

Bibi yako anayekupenda