Shokapu Zangu Mpya na Nyonga ya Bibi Albertine

Mpendwa Bi Rosalie,

Nisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni karani wa ofisi ya mji hapa bondeni, nina miaka ishirini na minne, nimemchumbia Noémie, na kwao wanaume wote ni wawindaji wenye pikipiki za magurudumu manne, nami nilipopata yangu niliona aibu kuwa nayo ya kawaida, nikaagiza shokapu mpya nyekundu ambazo tangazo liliapa kwamba mtu “ataelea juu ya mawe,” nikazifunga mwenyewe nikifuata maelekezo ukurasa kwa ukurasa, na tangu siku hiyo mashine inanirusha kuliko zamani, lakini kaka yake Gaétan aliponiuliza, “Vipi shemeji, zinaelea au zinapiga chafya?” nilijibu, “Kama godoro la manyoya!”

Sasa bibi yao, Albertine, mwenye miaka themanini na mitatu na nyonga ya chuma aliyowekewa mwaka jana, anataka kukiona tena kibanda cha familia kule ziwani, na baba mkwe akatangaza mezani, “Mama atapanda kwa karani, si ndiye anayeelea?” Bibi akanishika shavu: “Polepole tu, mjukuu wangu.” Jana nilifunga gunia la viazi nyuma yangu nikaipita njia ya ziwani, na kabla ya daraja la pili viazi vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Nikisema ukweli nitachekwa na ukoo mzima. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika kitakachotokea. Je, niagize zile za hali ya juu zaidi, zenye chupa ya gesi pembeni?

Karani Mwenye Hofu

*

Karani,

Pole. Huruma yangu imeishia hapo.

Zenye chupa! Umeumwa na nyoka, unauliza kama yupo mkubwa zaidi.

Shokapu hizo si uongo mtupu. Zinamfaa mtu wa kilo mia na ushee anayekimbiza mashine juu ya magogo kama amefukuzwa na dubu. Wewe unakwenda ziwani kula mkate. Springi ngumu haibonyei kwa mtu mwembamba, inamrusha tu. Tena naapa hukuwahi kugusa ile pete ya kulegezea springi kwenye shokapu za zamani, na matairi umeyajaza upepo kama ya gari. Kutwa unasoma sheria za mji, stika moja iliyobandikwa kwenye mashine yako imekushinda! Rudisha za zamani, legeza pete, punguza upepo mpaka kipimo kilichoandikwa. Nusu ya wanaoimba sifa za shokapu mpya bila kujua wanamsifu fundi aliyepima upepo siku ya kuzifunga.

Lakini hata ukifanya hayo yote, bibi hapandi. Stika hiyohiyo inasema mashine yako ni ya mtu mmoja. Baba mkwe wako anajua, Gaétan anajua, wamenyamaza wanakula. Aibu yao. Tafuteni ile ya viti viwili yenye mikanda. Bonde zima linazo, na jirani hatakunyima.

Leo, usingoje Jumamosi, nenda kwa Bibi Albertine mwenyewe kabla wanaume hawajarudi. Mwambie, “Bibi, nilidanganya. Mashine yangu inarusha.” Jumapili mfunge mkanda kwa mikono yako, mwachie baba mkwe usukani, kisha utangulie na mashine yako ukiondoa matawi njiani.

Gaétan atacheka mpaka theluji ianguke. Mwache acheke. Kicheko cha shemeji hakijawahi kuvunja nyonga ya mtu.

Bi Rosalie